Nargis wa Mother India na faili langu la sabtaito

Leo naomba ruhusa tuweke kando PHP, hifadhidata na malumbano yetu ya kila wiki kuhusu Linux. Leo nataka kumzungumzia mwigizaji. Si wa juzi wala wa jana. Ni Nargis, yule wa Mother India, picha iliyotoka Oktoba 1957, wakati wengi wetu hatujazaliwa. Na kwa wale mtakaouliza "Hii inahusiana nini na kompyuta?", vuteni subira. Kompyuta imo, tena ndiyo iliyonifanya nimtazame mwanamke huyu kwa makini kuliko nilivyowahi kumtazama.

Ninachotaka kusema ni kifupi. Nargis aliigiza kwa uso na mwili kiasi kwamba mtu asiyejua Kihindi anaweza kukusimulia picha nzima asikose jambo. Hapa kwetu Lamu tuna ushahidi wa miaka mingi. Mimi nimepata ushahidi mwingine ndani ya faili la maandishi.

Kwanza historia kidogo, kwa faida ya vijana. Nargis alizaliwa tarehe 1 Juni 1929 mjini Calcutta, akaitwa Fatima Rashid. Mama yake, Jaddanbai, alikuwa mwimbaji na mtengenezaji filamu, kwa hiyo binti aliingia kwenye kamera tangu utotoni. Mwaka 1951 alicheza na Raj Kapoor katika Awaara, picha ambayo wazee wa pwani mpaka leo ukiwatajia wanaanza kuimba. Kisha ikaja Mother India ya mwongozaji Mehboob Khan, aliyekuwa ameshaitengeneza hadithi hiyo hiyo mwaka 1940 kwa jina la Aurat.

Kwa nafasi ya Radha, Nargis alipata tuzo ya Filmfare ya mwigizaji bora wa kike mwaka 1958. Mwaka huo huo akashinda tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la filamu la Karlovy Vary, nchini Czechoslovakia, na serikali ya India ikampa nishani ya Padma Shri. Filamu yenyewe ilikuwa ya kwanza ya India kuteuliwa kuwania Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Haikushinda. Ilishinda picha ya Mwitaliano Federico Fellini.

Kwa ambaye hajaiona, hadithi ni hii (picha ina zaidi ya miaka 65, sidhani kama kuna siri ninayofichua). Radha anaolewa kijijini. Mama mkwe wake amekopa rupia 500 kwa Sukhilala ili afanye harusi, na kwa kuwa hajui kusoma, hajui alichokitilia saini. Wazee wa kijiji wanaamua kesi kwa upande wa mkopeshaji: robo tatu za mavuno ziende kwake kama riba, na deni lenyewe libaki pale pale. (Wenye programu za mikopo kwenye simu zao, hapa najua mmeelewa bila kufafanuliwa.) Mumewe, Shamu, anajaribu kulima ardhi ya mawe ili wajikomboe, jabali linamwangukia, anapoteza mikono yote miwili. Aibu inamshinda, anaondoka asirudi tena. Yanakuja mafuriko. Mtoto anakufa. Radha anabaki na wana wawili, Ramu na Birju, na jembe la kukokota.

Birju anakua na hasira. Anageuka jambazi, anamuua Sukhilala, anavichoma vitabu vya madeni, kisha anamteka binti wa Sukhilala siku ya harusi yake. Radha anashika bunduki. Anampiga risasi mwanawe mwenyewe.

Sasa, picha kama hii ilifikaje kwetu? Miji ya pwani imeangalia sinema za Kihindi tangu zamani. Unguja kulikuwa na majumba kama Majestic, lililojengwa mwaka 1955, na kulikuwa na maonyesho ya wanawake watupu ili akina mama waende bila shida. Mtafiti Laura Fair ameyaeleza vizuri katika kitabu chake Reel Pleasures cha mwaka 2018. Lamu sinema za Kihindi ziliingia hasa majumbani. Katika miaka ya 1980 zilikuja deki na kanda za video, na wanawake wakawa wanakusanyika sebuleni kwa jirani kutazama. Jambo hili nalo limeandikwa: Minou Fuglesang aliishi Lamu akawatazama watazamaji, na mwaka 1994 kikatoka kitabu chake Veils and Videos. Na msisahau taarabu. Marehemu Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki mwaka 2014, alijulikana kwa kutia maneno ya Kiswahili katika mahadhi ya nyimbo za filamu za Kihindi. Mtu alikuwa anaijua picha kabla hajaiona!

Bibi yangu ni mmoja wa hao waliotazama sebuleni. Hajui Kihindi. Ana maneno machache anayoyatambua kwa sababu na sisi tunayo, lugha zetu zote mbili zikiwa zimechota kwa Waarabu: duniya ni dunia yetu, maut ni mauti, khabar ni habari, zamana ni zamani, sabr ni subira. Hayo hayatoshi kuelewa mazungumzo ya filamu ya karibu saa tatu. Hata hivyo bibi ndiye aliyekuwa msimulizi wa mtaa. Waliochelewa walikaa karibu naye.

Hapa ndipo kompyuta inaingia. Miaka miwili sasa macho ya bibi yamefunikwa na mtoto wa jicho, na televisheni kwake ni vivuli. Mpwa wangu, mwenye miaka kumi na mbili, amekulia Nairobi, na kila likizo anakuja Lamu kukaa na bibi huyo. Nikafikiri: yule aliyekuwa anasimulia haoni tena, na yule anayeona haelewi kitu. Picha itakufa katikati yao. Nikaamua kuandika sabtaito za Kiswahili, yaani yale maandishi yanayopita chini ya picha. DVD ninayo, ina sabtaito za Kiingereza, na rafiki wa Mombasa anayejua Kihindi alikubali kunisaidia pale Kiingereza kilipokuwa kinaficha mambo.

Kwa wasiojua, faili la sabtaito la aina ya SRT ni kitu rahisi mno. Unaweza kuliandika kwa Notepad. Kila kipande kina namba, kisha muda wa kuanza na kumaliza, kwa mfano 01:12:05,300 --> 01:12:08,100, kisha maneno yenyewe, kisha mstari mtupu. Basi. Hifadhi kwa UTF-8 upate amani. Kanuna inayofuatwa na wengi ni mistari isiyozidi miwili kwa wakati mmoja, na herufi kama 17 kwa kila sekunde, ili msomaji apate nafasi ya kutazama picha pia.

Kiswahili kinafaa kwa kazi hii kuliko nilivyotarajia. "Sitakusamehe" ni neno moja la herufi 12. Kiingereza kinahitaji maneno matano kusema hivyo hivyo. Ugumu uko kwingine. Kihindi kina namna tatu za kumwambia mtu "wewe", kuanzia ya mapenzi au dharau hadi ya heshima. Sisi hatuna. Sisi tuna "mwanangu", "mamangu", "bwanangu", na heshima yetu inapita humo. Kwa hiyo kila Radha anapomwita Birju, ilinibidi nisikilize sauti yake kwanza ndipo nijue niandike "wewe" au "mwanangu". Na sauti ya Nargis inakwambia! Kuna mahali neno ni lile lile, lakini anavyolitoa unajua kwamba hapa ni mama na pale ni hakimu.

Nilipomaliza rasimu, niliandika programu ndogo ya Python, haifiki mistari 30. Inasoma faili la SRT, inatoa muda wa kumaliza wa kipande kimoja kutoka muda wa kuanza wa kipande kinachofuata, na kuonyesha kila pengo linalozidi sekunde kumi. Kusudi lilikuwa kuhakikisha hakuna mazungumzo niliyoyaruka. Ni ukaguzi wa kawaida ambao mtengeneza programu yeyote angeufanya.

Nikakaa kupitia mapengo hayo moja baada ya jingine. Hakuna mazungumzo yaliyorukwa. Nilichokuta ndani ya mapengo ni Nargis.

Tazama mafuriko. Usiku, maji yanapanda, na Radha amesimama ndani yake amebeba mabegani jukwaa la miti ambalo watoto wake wamekaa juu yake. Karibu hakuna cha kutafsiri pale. Kuna mvua, kuna radi, kuna kilio. Lakini angalia shingo yake. Angalia jinsi anavyobadilisha uzito kutoka mguu huu hadi ule bila kuinua uso kuwatazama watoto, kwa sababu akiinua uso atateleza. Sijui ni mwandishi gani angeandika sentensi ya kueleza hilo kwa herufi 17 kwa sekunde.

Tazama harusi mwanzoni. Wanaoimba ni wengine, yeye bibi harusi hasemi neno. Amefunikwa, na uigizaji wote uko kwenye mikono na namna ya kuinamisha kichwa. Wanawake wa Lamu, mji wa buibui na ukaya, hawakuhitaji mtu wa kuwafundisha kusoma mwanamke aliyejifunika. Hiyo ni lugha yao. Nadhani ndiyo sababu mojawapo walimuelewa Nargis haraka: alijua kucheza na nguo kichwani, aishushe lini, aivute lini, aiume kwa meno lini.

Tena tazama umri. Filamu inaanza na Radha mzee, mikunjo usoni, ananyanyua bonge la udongo na kulisogeza karibu na uso wake. Kisha tunarudi nyuma tunamwona bibi harusi. Nargis alikuwa na miaka 28 tu picha ilipotoka. Na Sunil Dutt, aliyecheza Birju, mwanawe, alizaliwa tarehe 6 Juni 1929. Hesabu mwenyewe: mama amemzidi mwana siku tano! Lakini nenda kaangalie wanapokaa pamoja, uniambie kama unaona watu wa rika moja. Vipodozi vya uzee vinasaidia, sikatai. Lakini vipodozi havifundishi mtu kuinuka kutoka chini kama mwenye maumivu ya kiuno, na yeye anainuka hivyo kila mara, hata pale ambapo kamera haimlengi yeye.

Na kazi yenyewe haikuwa mchezo. Mwezi wa Machi 1957, wakipiga picha Gujarat sehemu ya moto wa majani makavu, moto ulizidi kipimo na Nargis akazingirwa. Aliyeingia kumtoa ni huyo huyo Sunil Dutt, akaungua. Walioana mwaka uliofuata, tarehe 11 Machi 1958. (Bibi yangu aliposikia habari hii alicheka sana: "Mwana kamuoa mamake!")

Siku moja nilipokuwa nafanya kazi hiyo barazani, bibi amekaa karibu anasikiliza vidole vyangu kwenye kibodi, aliniuliza mbona naandika muda wote huo. Nikamwambia naandika wanayoyasema. Akanijibu kwa Kiamu chetu:

"Mato yanena, mwanangu. Maneno ya nini tena?"

Mato ni macho, kwa wasomaji wa bara. Macho yanasema. Kwa sehemu kubwa ya picha, bibi ana haki, na programu yangu ya Python inamuunga mkono.

Lakini kuna mstari mmoja ambao ulinichukua wiki nzima. Ni pale mwisho, Radha ameshika bunduki na Birju anaondoka na yule msichana juu ya farasi. Birju haamini kwamba mama atafyatua. Radha anamjibu kwamba mwana anaweza kumtoa, lakini kuna kitu kingine hawezi kukitoa. Neno la Kihindi analotumia ni laaj. Kiingereza cha DVD kinalitafsiri kwa neno moja kavu, na kwa neno hilo kavu mama anaonekana mkatili tu. Kiswahili kina maneno tele: haya, staha, heshima, sitara. Kila moja linampa Radha sababu tofauti ya kumuua mwanawe. Ukiandika "haya", ni mama anayeogopa aibu ya majirani. Ukiandika "heshima", ni mama anayelinda jina la kijiji. Na mwigizaji hawezi kukusaidia, kwa sababu uso wake pale umebeba yote kwa pamoja, na yule anayetafsiri lazima achague moja.

Nikawauliza akina mama nyumbani. Mjadala uliozuka, msiniulize! Shangazi alisema mama hawezi kumpiga mwanawe risasi, hata akiwa jambazi, na kwamba picha ile ameitazama mara nyingi na kila mara hutoka nje kabla ya hapo. Mwingine akasema Radha alikuwa hana njia. Bibi alinyamaza mpaka wakachoka, kisha akasema:

"Na yule kijana mke, si mwana wa watu?"

Hakuna aliyejibu. Nikaandika "sitara". Kwa sababu sitara ni kile ambacho mtu anampa mwenzake: tunaombeana sitara, tunasitiriana. Radha hakuwa analinda jina lake. Alikuwa anamsitiri mtoto wa watu, binti wa yule yule mtu aliyemdhulumu maisha yake yote. Nikarudia kutazama uso wa Nargis nikiwa na neno hilo kichwani, na likakaa mahali pake. Macho yake hayako kwa Birju peke yake. Yako pia kwa msichana. Kisha bunduki inalia, na papo hapo hakimu anatoweka, anabaki mama anayekimbia kumkumbatia mwanawe anayekufa. Hakuna sekunde ya kupumua kati ya hao wawili. Mimi sijaona mwigizaji mwingine akivuka mto huo kwa hatua moja.

Huku kwetu tunajua mama kuzungumza na mwanawe ni jambo zito. Mwana Kupona binti Msham wa Pate alimtungia binti yake utendi wa nasaha mwaka 1858, miaka 99 kabla ya Mother India. Kwa hiyo sidhani akina mama wa Lamu walikuwa wanamtazama Radha kama kioja cha ng'ambo. Walikuwa wanamtazama kama mwenzao aliyefikwa na mtihani, na walikuwa na maoni juu ya mtihani huo.

Watu wengine husema uigizaji wa filamu za zamani za Kihindi umezidi chumvi: kilio kikubwa, muziki mkubwa, macho makubwa. Kwa baadhi ya picha ni kweli. Lakini nimempitia Nargis kipande kwa kipande, kwa milisekunde, nikisimamisha na kurudisha nyuma mara nyingi kuliko mtazamaji wa kawaida angevumilia, na sikumkamata akifanya jambo lisilo na sababu. Wanaoandika programu wataelewa ninaposema kwamba hii ni kazi isiyo na mstari wa ziada. Nargis alifariki tarehe 3 Mei 1981 mjini Bombay, kwa saratani ya kongosho, akiwa na miaka 51. Tuzo zile mbili za 1958 alistahili. Ningekuwa na ya tatu ningempa.

Haya, kwa wanaotaka kujaribu kazi hii wenyewe, ushauri wangu ni mmoja. Programu ikikuonyesha pengo, kahakikishe hakuna mazungumzo, kisha liache. Kuna wanaojaza mapengo kwa maelezo kama "analia" au "amehuzunika". Msifanye hivyo.

Sababu niliiona likizo iliyopita. Tuliwasha DVD na faili langu. Mpwa wangu alikuwa anamsomea bibi maandishi kwa sauti, na mambo yalikwenda vizuri. Tukafika kwenye mafuriko, maandishi yakakoma. Mtoto naye akanyamaza.

"Yuwafanyani sasa?" bibi akauliza.

Mpwa akatazama chini ya skrini, hakuna kitu. Ikambidi amtazame Nargis. Akaanza polepole: amesimama kwenye maji bibi, amebeba watoto, hatazami juu, anatetemeka lakini miguu haitoki. Bibi anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, na anamsahihisha mahali ambapo mtoto ameruka jambo. Waliendelea hivyo mpaka mwisho wa picha, maneno yangu mtoto akiyasoma, na mapengo akiyasimulia mwenyewe.

Wiki ijayo, Inshallah, tunarudi kwenye hifadhidata.